Shajara ya chujio la mifupa, Batu: Oktoba 2025

Jumapili, 12 Oktoba. Addis Ababa

Nimefika. Kutoka KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, mpaka Bole, uwanja wa Addis, ndege haimalizi hata saa tatu, na saa yangu ya mkononi sikuigusa, maana Ethiopia na sisi tuko ukanda mmoja. Tena wanahesabu saa kama sisi. Dereva aliyenipokea amesema kesho atanipitia saa mbili, na saa mbili yake ni ile ile ya kwetu, ya asubuhi baada ya jua kutoka. Kuna mwenzetu ofisini anatoka Ulaya, kila akipewa miadi anauliza ni saa za nani. Hapo mimi nimeanza na mtaji.

Kwa atakayesoma bila kuujua mradi: kuna kijiji nje kidogo ya mji wa Batu, ambao wengi bado wanauita Ziway, kilomita 160 hivi kusini mwa Addis, ndani ya Bonde la Ufa. Kijiji kina kisima kirefu, pampu ya sola na tanki juu ya mnara, na vyote vinafanya kazi. Ugonjwa uko kwenye maji yenyewe. Yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno, kama yetu ya Arumeru, na chanzo ni kile kile, mawe ya volkano. Nimeitwa kufunga chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaoinasa floraidi, kwenye bomba moja la maji ya kunywa na kupikia, na kumwachia ujuzi fundi wa kijiji. Mkataba una mambo mengine mengi, ila kazi ni hiyo.

Vifaa vimepita forodha. Nilikuwa na barua ya mwajiri yenye orodha ya kila kipimo na namba yake, afisa akasoma, akafungua sanduku la elektrodi ya kupimia floraidi, akafunga. Kamera kubwa na darubini huulizwa maswali. Droni usithubutu kuibeba.

Chumba kiko ghorofa ya tatu na ngazi nimezipanda kwa vituo. Addis iko kama mita 2,355 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400. Nilidhani mtu wa Meru hatishwi na mwinuko. Kichwa kinagonga kidogo, nimekunywa maji mengi na kulala mapema.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya makaratasi. Kibali cha kazi kinatangulia, kitambulisho cha ukaazi kinafuata. Vyeti vyangu viligongwa mihuri huko nyumbani, wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na leo nimeona kwa nini: nakala isiyo na mihuri hiyo wanairudisha bila hata kuisoma. Atakayenifuata asipande ndege kabla ya kuimaliza hatua hiyo. Abebe na picha za pasipoti za kutosha, maana kila dirisha linataka yake.

Kwenye fomu za huku jina ni lako, la baba na la babu. Kwetu nasi ni majina matatu, nikajaza bila taabu. Ila huku mtu haitwi kwa jina la mwisho. Jina la mtu ni lile la kwanza, ukimwita kwa la pili umemwita baba yake. Mimi wameniita Injiniya tangu asubuhi. Nimewaambia mimi ni fundi sanifu, wakacheka, wakaendelea.

Laini ya simu nimepata kwa pasipoti. Kampuni ni mbili, Ethio telecom na Safaricom, hii ya pili ilianza huku mwaka 2022, kwa hiyo M-PESA ipo. Lakini dukani wengi wanataka telebirr, pesa ya simu ya Ethio telecom, nimefungua zote mbili. Kuhusu fedha: thamani ya birr iliachiwa soko Julai 2024 na ikashuka sana, sasa dola moja ni zaidi ya birr 100. Bei yoyote uliyosimuliwa na mtu aliyekuja kabla ya hapo isahau, bajeti ifanye upya. Posho yangu ilikadiriwa kwa bei za zamani na nimeshaandika barua.

Jambo dogo la umeme: volti ni karibu zile zile, 220, ila soketi ni za matundu mawili ya duara. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii. Adapta ziko madukani, bei poa.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwetu ni Nyerere Day, huku ni siku ya kazi. Nilipomweleza dereva akanizungusha kupita makao makuu ya Umoja wa Afrika, maana ndani kuna sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa Februari 2024, mbele ya jengo la Amani na Usalama lenye jina lake. Sikuingia, kunahitaji miadi. Tumeishia getini, nikarudi kwenye michoro.

Mchana nimekaa na mhandisi mwenyeji, mama mmoja aliyezaliwa Batu, ndiye atakayekuwa bosi wangu. Tumepitia mpango kazi ulioandikwa Arusha. Mpango ni mzuri. Una wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila wiki ina siku sita za kazi zinazofanana. Ameusoma mpaka mwisho, akachukua kalamu nyekundu, akazungushia kila Jumatano na kila Ijumaa, kisha akaweka alama kwenye tarehe nyingine ambazo mimi sikuona sababu yake. Nikamwuliza. Akasema tutaongea Batu, utaona mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Matanki mawili ya lita 500, mabomba, koki na gati valvu vimeletwa ghalani. Hati ya kupokelea mzigo imeandikwa tarehe 05/02/2018.

Naiandika hapa kama ilivyo kwa sababu itawafikia wahasibu wetu, na mhasibu yeyote akiona risiti ya 2018 kwenye mradi wa 2025 ataitupa. Si kosa la mtu. Mwaka mpya wa Ethiopia uliingia tarehe 11 Septemba, na mwaka ulioingia ni 2018. Mwezi wa kwanza ni Meskerem, wa pili ni Tikimt, na leo ni Tikimt 5. Kwa hiyo 05/02/2018 ni leo hii. Miezi kumi na miwili ina siku 30 kila mmoja, bila vurugu za 28 na 31, halafu mwishoni kuna kamwezi ka kumi na tatu ka siku tano, au sita kila baada ya miaka minne. Mpaka Desemba tunapishana miaka saba, kuanzia Januari tutapishana minane, mpaka Septemba tena. Mwaka wao wa fedha unaanza Julai 8.

Mhasibu wa huku ana dawa yake: kila karatasi ya mradi inabeba tarehe mbili, ya kwao juu, ya kwetu chini, na muhuri katikati. Nimeanza kufanya hivyo hata kwenye daftari la vipimo. Nilitaka tu ieleweke kwamba saa zetu kufanana kulinilaza usingizi kidogo. Nilidhani nimeshamaliza kujifunza habari za wakati.

Chakula cha mchana: sahani moja kubwa ya injera, mkate wao laini mpana kama chapati, kwa watu wanne, juu yake dengu, kabichi, karoti, shiro, mboga za majani. Hakuna nyama, maziwa wala yai. Ni Jumatano, Wakristo wa Orthodoksi wamefunga. Tumekula kwa mkono wa kulia, sahani moja, kama sinia la pilau. Injera ina uchachu, mara ya kwanza ulimi unashtuka, kufikia katikati ya sahani nilikuwa nimezoea. Mwenzangu mmoja akakata kipande, akakikunja na mboga, akanilisha mdomoni mwenyewe. Ukilishwa hivyo umepokewa, usikatae.

Ijumaa, 17 Oktoba. Njiani, kisha Batu

Tumeondoka alfajiri kwa barabara ya kulipia ya Adama, iliyofunguliwa 2014, kisha tukakunja Mojo kuelekea kusini. Huku magari yanakaa kulia. Kama abiria unazoea haraka. Kama mtembea kwa miguu, kichwa kinageuka upande usio wake kila unapotaka kuvuka, na bajaji hazina huruma. Mwajiri ananitaka niendeshe pikapu ya mradi. Nimesema bado, kwa sasa kuna dereva na dereva abaki.

Batu iko kwenye mita 1,640 hivi, pumzi imerudi. Ziwa liko pale pale mjini, lina visiwa, na asubuhi wavuvi wanaparua samaki ufukweni huku korongo marabu wanasubiri matumbo. Mji una mashamba ya maua ya kuuza nje, mahema ya plastiki yamepangana kando ya ziwa mithili ya yale ya Usa River. Nikaona na mikokoteni ya punda imejaa madumu ya njano ya lita 20. Mtu anayenunua maji kwa mkokoteni wa punda nimemjua tangu utoto, hapo sihitaji mkalimani.

Pengine nahitaji. Addis ni Kiamhara, na herufi zao siwezi kusoma hata jina la duka. Batu wengi wanaongea Kioromo, ambacho huandikwa kwa herufi kama zetu. Mabango nayasoma yote kwa sauti na siambulii kitu. Naweza kusalimia, kushukuru na kuomba maji. Kwenye mradi wa maji si haba.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimehamia nyumba ya kupanga, chumba na sebule, uani kwa mama mjane mwenye mbuzi watatu. Amenipikia kahawa kwa utaratibu wake: kachoma buni mbele yangu, kanipitishia moshi wake puani, katwanga, kachemsha kwenye birika la udongo. Vikombe ni vitatu, kila duru ina jina lake, na ya mwisho inaitwa baraka. Kuondoka kabla ya duru ya tatu ni utovu wa adabu. Jumla ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo ukialikwa kahawa usiwe umeweka bomba kwenye gundi.

Nilitaka kupika maharage. Nimeona nisiyapike Addis tena, kule maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi na gesi inaisha kabla maharage hayajalainika. Hapa afadhali. Unga wa mahindi upo, nimesonga ugali, mama mwenye nyumba akaja kuchungulia, akaenda kwake akaleta genfo, ugali mzito wa shayiri wenye kisima cha siagi na pilipili katikati. Tukabadilishana. Wake ni mtamu kuliko wangu, sibishi.

Jumatatu, 20 Oktoba. Kijijini

Kisima nimekipima asubuhi, mara mbili, elektrodi ikiwa imesahihishwa upya: miligramu 6.8 za floraidi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Sisi Tanzania kwa miaka mingi tulijiruhusu mpaka 4, kwa kuwa visima vyetu vya kaskazini visingepita, na sasa nasi tunafuata 1.5. Maji haya yana sodiamu nyingi na kalisi kidogo, vile vile kama ya kwetu, kwa hiyo floraidi haina cha kuishika ikatuama. Wanaochemsha wakidhani wanasafisha, wanaizidisha tu, maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki.

Mkutano ulikuwa chini ya mgunga, watu kama sitini. Wazee wa Kikristo na wa Kiislamu wamekaa pamoja, wanawake upande wa pili, watoto wamezunguka. Mhandisi ametafsiri. Nilikuwa nimejiandaa na michoro ya chujio, lakini kabla sijafungua hata karatasi mzee mmoja ameniambia nicheke. Nikadhani ni utani. Akarudia. Nikacheka, akanyanyuka akanitazama meno kwa karibu kabisa, akageukia wenzake akasema maneno, watu wote wakacheka.

Mhandisi akanitafsiria: "Amesema huyu ni wa kwetu."

Mimi nimelelewa chini ya Mlima Meru kwa maji ya mfereji, meno yangu yana mabaka ya kahawia kama ya kila mtu pale. Sekondari Dar wenzangu waliniita Mwarusha kabla sijajitambulisha. Leo yamenifanyia kazi ambayo vyeti vyote vilivyogongwa mihuri visingeifanya.

Kisha yakaja maswali, na hayakuhusu bomba.

La kwanza lilitoka kwa mzee wa kanisa. Kama maji yamepita kwenye mifupa ya ng'ombe, atayanywaje Jumatano na Ijumaa, siku asizogusa kitu cha mnyama? Ngurdoto, kwenye kituo chetu cha utafiti wa floraidi, sijawahi kusikia mtu akiuliza hivyo. Nakuru, Kenya, nako, jimbo katoliki limechoma mifupa kwa ajili ya vichujio tangu miaka ya 1990, sikumbuki nikisikia. La pili likatoka upande wa Waislamu: ng'ombe huyo amechinjwa na nani? Kwetu bucha ni moja na wengi tunakula wote. Huku Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu, na Mwislamu hali ya Mkristo, bucha zimetengana tangu zamani na hakuna ugomvi, kila mtu anajua mlango wake. Chujio letu lina tanki mbili zinazofuatana, maji yanapita zote mbili. Huwezi kusema hii ya wale na hii ya hawa.

Nilitaka kujibu kwa kemia. Mhandisi akanigusa mkono, akasema swali hili halikuulizwa kwako. Kweli, halikuwa langu. Padri na shehe wakajitenga kando kidogo, wakaongea muda mrefu, vikombe vya kahawa vikazunguka. Waliporudi, padri alisema kilichochomwa mpaka kikawa mkaa si chakula. Shehe akakubali, akaongeza sharti ambalo padri naye alilidaka: usiingie mfupa wa punda, wa mbwa wala wa nguruwe. Mizoga ya punda iko barabarani, na mkusanya mifupa anayelipwa kwa kilo atajaribiwa. Wamekata shauri kwamba mifupa itoke machinjioni tu, na kila upande utatoa mtu mmoja wa kushuhudia magunia yakifungwa na kuandikwa. Hiyo ni kinga bora kuliko yoyote tuliyoiandika kwenye mpango.

Swali la mwisho aliuliza mama mwenye mtoto mgongoni. Mwanawe mkubwa tayari ana meno ya kahawia, je, maji haya yatayasafisha? Nikamjibu hapana. Meno yakishatoka na rangi hiyo yanabaki nayo, angalia yangu. Huyo wa mgongoni ndiye tunayemwahi, kwa kuwa meno ya utu uzima yanajijenga ndani ya ufizi tangu uchanga mpaka kama miaka minane. Akatikisa kichwa, akauliza bei ya dumu. Bei ni ya jumuiya ya watumia maji kupanga, nikakaa kimya.

Jumanne, 21 Oktoba

Ghala la mkaa. Mifupa ilichomwa na mafundi wa huku mwezi uliopita kwenye tanuri la mapipa, imepondwa na kuchekechwa, magunia yamepangwa. Nimefungua moja moja, nikachota kutoka chini, maana juu huwa pazuri daima. Ninayoitaka ni nyeusi inayoelekea kijivu, inayolia kama kigae ukiigonganisha. Ya kahawia haijaiva, ina mafuta ndani, itanukisha maji na watu watayakataa siku ya kwanza na hawatarudi. Nyeupe imepitiliza, moto au hewa vilizidi, inaonekana safi lakini haishiki kitu. Mahali pake ni kati ya nyuzi 400 na 600, hewa ikiwa imebanwa.

Magunia kadhaa yalikuwa na kahawia nyingi. Mpondaji wetu, kijana mwenye jicho zuri, alishaanza kuyatenga kabla sijasema. Yatarudi tanurini. Kilichobaki kinatosha kilo 600 na ziada kidogo. Chembe ni milimita moja hadi tatu, nimeridhika.

Jumatano, 22 Oktoba

Tangu usiku wa manane vipaza sauti vya kanisa vinaimba. Asubuhi nusu ya vibarua hawakuja kuchimba mtaro. Leo ni Tikimt 12, na tarehe 12 ya kila mwezi ni ya Mikaeli. Mtu anayeiheshimu hashiki jembe. Kuna na tarehe za Gabrieli, Mariamu, Giyorgis, kila moja inarudi kila mwezi. Ndizo zile alama nyekundu za mhandisi. Waislamu wamekuja, tumechimba nao, na Ijumaa mchana wao watakwenda msikitini, Wakristo watabaki. Mhandisi amepanga zamu hivyo miaka yote, na mtaro hausimami. Mpango wangu wa siku sita zinazofanana nimeukunja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Matanki yamekaa kwenye msingi, maji yanapanda kutoka chini kwenda juu kwenye la kwanza, kisha la pili. Tumejaza mkaa ndani ya maji, taratibu, ili hewa isibaki katikati. Tumeosha mpaka jioni. Maji ya mwanzo yalitoka meusi, yakawa ya kijivu, kisha kama ya kuoshea mchele. Fundi wa kijiji ndiye aliyeshika valvu, mimi nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikiangalia. Ana mikono mitulivu. Alichokosa ni spana ya saizi yake, nimempa yangu na sitaiomba tena.

Tanuri limewashwa jioni kwa ajili ya yale magunia ya kahawia, wale mashahidi wawili wakiwepo. Harufu ni ile ile ya Ngurdoto. Nimekaa upande wa upepo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Baada ya kuosha tena jana, nimepima leo asubuhi maji ya bombani: miligramu 0.3. Hayana harufu. Ladha inafanana na ya kisima, labda kuna kachumvi kidogo, mama wa kijijini wamesema kahawa imetoka vizuri, na kwa huku hicho ni cheti. Sampuli nyingine inakwenda maabara ya Addis, sitaki kutegemea kipimo changu peke yake.

Sasa hesabu iliyonipotezea usingizi. Kilo moja ya mkaa mzuri naikadiria ibebe gramu 2 za floraidi kabla haijachoka. Tukiondoa miligramu 6 kwa lita, kilo 600 zitatoa lita 200,000 hivi. Kaya mia, dumu moja kila kaya kwa siku, ni lita 2,000. Siku 100. Mkaa huu utachoka mwanzoni mwa Februari, au mapema zaidi kama watu wataanza kuoshea nguo.

Mpango wa Arusha unasema mifupa ya kubadilishia ikusanywe Desemba. Desemba hakutakuwa na mifupa. Tarehe 24 Novemba, Hidar 15, unaanza mfungo wa kabla ya Krismasi, na Krismasi yao ni 7 Januari. Bucha za Kikristo zitafunga, zitabaki za Waislamu tu, na machinjio yatatoa sehemu ndogo ya kawaida. Hata ndani ya wiki Jumatano na Ijumaa magunia yanakuja matupu, mzigo ni Jumamosi na Jumapili. Ukisema usubiri Januari, una dirisha la wiki zisizotimia sita tu. Kwaresima yao mwakani inaanza 16 Februari, siku 55 mpaka Pasaka ya 12 Aprili.

Kwa hiyo ombi kwa ofisi, liidhinishwe kabla ya mwisho wa mwezi: fedha za mifupa zilizowekwa robo ya kwanza ya 2026 zitolewe sasa. Tukusanye kila Jumamosi na Jumapili kuanzia wiki ijayo mpaka 23 Novemba, tuchome, tuhifadhi kilo 700 za mkaa pakavu. Magunia mapya 40 yenye lebo ya kushonwa, si ya kalamu. Chupa mbili za kimiminika cha kusawazishia elektrodi, iliyopo itafika Novemba kwa shida. Risiti zote zitakuja na tarehe mbili, mhasibu asome ya chini.

Kitambulisho cha ukaazi bado. Wamesema Jumanne.